Rais Kashinda, Jina Lake Halimo: Tuzielewe Kura za Mchujo za Marekani

Alfajiri ya Jumatano, tarehe 24 Januari 2024, mjomba alituma ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp la familia. Yeye hulala na redio sikioni, na habari za Marekani huzipata kabla ya adhana. Aliandika: "Wanasema Biden kashinda New Hampshire. Hapo hapo wanasema jina lake halikuwemo kwenye karatasi ya kura. Sasa nani kamwibia nani?"

Kundi likawaka. Mmoja akasema huo ndio ushahidi wa wizi tuliokuwa tunaambiwa siku zote. Mwingine akampongeza Biden kwa kurudi Ikulu, akidhani yameisha. Binamu yangu ndiye aliyeharibu kabisa: akaleta picha ya Donald Trump akishangilia ushindi usiku ule ule, New Hampshire hiyo hiyo. Washindi wawili, jimbo moja, siku moja. Julai yake Biden akajitoa, Kamala Harris akapitishwa bila kuonekana kwenye kura yoyote ya mchujo mwaka ule, na mjomba akarudi na maswali mapya. Nimekuwa nikimjibu kwa vipande vipande, jibu moja leo, jingine baada ya wiki. Acha niyaweke pamoja.

Tuanze na maneno, maana nusu ya mkanganyiko huu tumeutengeneza wenyewe kwa Kiswahili chetu.

Mtanzania akisikia "kura za maoni" anafikiria makada wa CCM wanaochujana kuwania ubunge. Mkenya akisikia "kura ya maoni" anakumbuka Agosti 2010, walipopitisha katiba, au anafikiria utafiti wa nani anaongoza kwa umaarufu. Lile la vyama yeye analiita mchujo. Kwa hiyo mtangazaji akisema "Biden anaongoza katika kura za maoni", kila nchi inasikia habari yake. Mimi nitasema mchujo: uchaguzi ambao wafuasi wa chama wanapigia kura watu wa chama chao, ili apatikane mmoja wa kupambana na chama kingine Novemba.

Neno la pili ni jimbo. Kwa Tanzania jimbo ni eneo lenye mbunge mmoja. Jimbo la Marekani ni kitu kingine: ni nchi ndani ya nchi, lina gavana wake, bunge lake, mahakama zake, na, shikilia hili, sheria zake za uchaguzi. Yako 50. New Hampshire ni mojawapo ya yale madogo, lina watu kama milioni 1.4 tu huko kaskazini-mashariki, baridi kali, misitu mingi.

La tatu ni wajumbe. Hapa Watanzania tumeshajeruhiwa. Tangu 2020, makada walipoangushwa na watu waliowaahidi kura, mtaani kukawa na msemo kwamba wajumbe si watu wazuri. Marekani wana wajumbe wa aina mbili, na vyombo vyetu vya habari huwachanganya. Kuna wajumbe wa chama, wanaokwenda kwenye mkutano mkuu wa chama kumpitisha mgombea. Halafu kuna wale 538 wa uchaguzi wenyewe, wanaopiga kura ya mwisho ya urais mwezi Desemba baada ya wananchi kupiga yao Novemba. Mchujo unahusu wale wa kwanza tu. Mtu anaposhinda mchujo wa jimbo, anachopata ni wajumbe wa jimbo hilo watakaosimama upande wake ukumbini. Kura za urais hajapata hata moja.

Na wale washindi wawili wa usiku mmoja? Trump alishinda mchujo wa Republican, Biden wa Democratic. Ni kama viwanja viwili vya shule moja, kila kimoja kina mechi yake na matokeo yake. Mpiga kura wa New Hampshire aliyejiandikisha na chama anapewa karatasi ya chama chake. Asiyefungamana na chama, na hao ni wengi sana kule, anachagua siku hiyo hiyo achukue karatasi ya upande upi. Moja tu lakini.

Sasa tuje kwenye kiini. Nani mwenye mchujo?

Mjomba alidhani kuna tume moja ya taifa, kama INEC kwetu, IEBC Kenya au CENI kule Kongo. Haipo. Hakuna ofisi moja inayoendesha uchaguzi wa Marekani nzima. Nilimwambia afikirie harusi. Chama ndicho chenye harusi: kinajua bwana harusi atapatikanaje na kadi ya nani itakubalika mlangoni. Jimbo ndilo lenye ukumbi: linachapisha karatasi, linafungua vituo, linahesabu, linalipa gharama, na linapanga tarehe. Miaka mingi mwenye harusi na mwenye ukumbi huelewana, na wageni hawajui kama kuna wawili. Mwaka 2024 waligombana hadharani.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa tarehe. Tangu 1920 New Hampshire ndilo jimbo la kwanza kufanya mchujo wa urais, na halikuacha jambo hilo liwe mazoea tu, liliandika sheria. Sheria yake inamtaka msimamizi wa uchaguzi wa jimbo apange mchujo angalau siku 7 kabla ya mchujo mwingine wa namna hiyo mahali popote. Jimbo jingine likisogea mbele, New Hampshire linasogea zaidi. Kuwa wa kwanza kuna faida zake: wagombea wanakuja hadi migahawa ya kijijini, hoteli zinajaa waandishi katikati ya Januari, na mwenyeji wa mji mdogo anaweza kumshika mkono rais mtarajiwa na kumuuliza kuhusu bei ya mafuta ya kupashia nyumba joto.

Februari 2023 chama cha Democratic, kwa matakwa ya Biden mwenyewe, kilipitisha ratiba mpya: wa kwanza awe South Carolina, jimbo la kusini lenye wapiga kura weusi wengi, tarehe 3 Februari 2024. Hoja waliyoitoa ilikuwa na uzito. New Hampshire ni karibu asilimia 90 Wazungu, na chama kinachobebwa na kura za Wamarekani weusi hakiwezi kuwaacha wasubiri foleni kila mara. Ila kulikuwa na hesabu ya pili ambayo hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mwaka 2020 Biden alimaliza wa tano New Hampshire. Aibu ilikuwa nzito kiasi kwamba usiku ule ule, kura hazijaisha kuhesabiwa, alipanda ndege kwenda South Carolina. Na South Carolina ndiyo iliyomfufua. Mtu humkumbuka aliyempa maji akiwa na kiu, na humkumbuka vilevile aliyemfungia mlango.

New Hampshire ikagoma. Gavana alikuwa wa Republican, bunge la jimbo lilikuwa mikononi mwa Republican, na hata Wademocrat wa pale hawakutaka kuupoteza ukubwa wao. Sheria ni sheria, wakasema. Mchujo utafanyika tarehe 23 Januari. Makao makuu ya chama yakajibu kwamba basi mchujo huo hauna maana na hautazaa wajumbe. Biden, kwa kuwa ratiba ilikuwa yake mwenyewe, hangeweza kwenda kugombea mahali ambapo chama chake kimekataza. Hakujaza fomu.

Kujaza fomu New Hampshire, kwa njia, ni kazi rahisi kuliko kukodi ukumbi wa harusi Dar. Unalipa dola 1,000, unajaza karatasi, jina lako linachapishwa. Ndiyo maana karatasi ya Democratic mwaka ule ilikuwa na majina 21, akiwemo Vermin Supreme, mchekeshaji wa siasa anayevaa buti kichwani na kuahidi kila Mmarekani farasi mdogo. Buti lilikuwemo kwenye kinyang'anyiro. Rais wa nchi hakuwemo.

Mpinzani wa maana alikuwa Dean Phillips, mbunge wa Minnesota, aliyejiandikisha siku ya mwisho kabisa, Oktoba 2023, akisema wazi kile ambacho wengi wa chama walikuwa wakikisema chumbani: rais amezeeka, na atashindwa. Mwandishi wa vitabu Marianne Williamson naye alikuwemo.

Basi Wademocrat wa New Hampshire wakajikuta pagumu. Wamekasirishwa na rais, lakini wasipompigia kura, vichwa vya habari vitasema rais kaangushwa na mtu asiyejulikana. Wakaanzisha wenyewe kampeni ya kuandika jina lake kwa mkono, bila kampeni rasmi ya Biden kuhusika.

Hapa ndipo jibu la swali la kwanza la mjomba lilipo. Chini ya majina yote kwenye karatasi kuna mstari mtupu na kiduara pembeni yake. Hujapenda yeyote juu? Andika unayemtaka, jaza kiduara. Hiyo ni haki ya kisheria kule, na kura hiyo inahesabiwa kama nyingine. Kazi yake tu ni ngumu zaidi. Mashine inaisoma karatasi ya kawaida na kuimeza. Ikikuta mstari umeandikwa, inaitenga kwenye sanduku lake. Jioni watu wanakaa mezani, wanaifungua moja moja, wanasoma mwandiko. Joe Biden. Biden. J. Biden. Wanaoandika vibaya nao hawatupwi, mradi nia yao inasomeka. Ndiyo maana skrini za televisheni usiku ule zilianza kwa kuonyesha fungu kubwa la kura "zilizoandikwa, bado kuchambuliwa", kubwa kuliko la Phillips. Aliyewasha televisheni saa hiyo akaona namba isiyo na mwenyewe inaongoza uchaguzi, ana haki ya kudhani kuna mchezo. Mchezo haukuwepo. Palikuwa na watu wenye miwani wakisoma mwandiko.

Mchezo uliokuwepo ulifanyika siku mbili kabla, kwenye simu. Jumapili ile maelfu ya wapiga kura walipigiwa, na upande wa pili ikasikika sauti ya Biden ikiwashauri wasijisumbue Jumanne, watunze kura yao mpaka Novemba. Sauti ilifanana kabisa na yake, lakini haikuwa yake, wala maneno hayakuwa yake. Ilitengenezwa kwa akili unde. Uongo wenyewe ulilenga palepale watu wanapochanganyikiwa: kupiga kura kwenye mchujo hakukunyimi kura ya Novemba hata kidogo. Mshauri wa siasa aliyekiri kuiandaa alisema alitaka kuonya juu ya hatari ya teknolojia hiyo. Tume ya mawasiliano ya serikali kuu ikamtoza faini ya dola milioni 6; kesi ya jinai New Hampshire alishinda mwaka 2025.

Matokeo: Biden karibu asilimia 64, yote kwa mwandiko wa mkono. Phillips karibu 20. Williamson 4.

Je, hizo 64 ni nyingi au chache? Hili ndilo swali la kujifunza kulisoma, maana mchujo wenye rais aliyepo hausomwi kama uchaguzi mwingine. Kwenye uchaguzi wa kawaida 64 ni mafuriko. Kwa rais, anayegombea ndani ya chama chake, akiwa na ndege ya serikali na kila gavana wa chama nyuma yake, watu wanamtazama kama mwalimu mkuu anayefanya mtihani wa darasa la nne. Akipata 64 wanauliza kilichotokea kwa zile 36. Mpinzani hahitaji kumshinda. Anahitaji tu kuvuka kile ambacho waandishi na wazee wa chama walitarajia apate.

Jimbo hilo hilo la New Hampshire lina ushahidi mkubwa kuliko wote. Machi 1968, Rais Lyndon Johnson naye hakuweka jina kwenye karatasi; wafuasi wake wakahimiza watu waliandike kwa mkono, kama itakavyofanyika kwa Biden miaka 56 baadaye. Vita vya Vietnam vilikuwa vimechacha, mashambulizi makubwa ya Wavietnam wa kaskazini ya Januari, yaitwayo Tet, yamewaonyesha Wamarekani kwamba ushindi waliokuwa wakiahidiwa haupo karibu. Seneta Eugene McCarthy akasimama kupinga vita, vijana wa vyuo wakanyoa ndevu na kwenda kugonga milango ya watu kwa niaba yake. Johnson akapata karibu asilimia 50, McCarthy 42.

Nani alishinda? Johnson. Ila usingeweza kulijua hilo kwa kusoma magazeti. Na kwenye wajumbe ilikuwa mbaya zaidi: watu wa Johnson waliogombea ujumbe walikuwa wengi kuliko nafasi, wakagawana kura zao wenyewe, McCarthy akachukua wajumbe 20 kati ya 24. Siku nne baadaye Robert Kennedy akatangaza kugombea. Mwisho wa mwezi ule, usiku wa tarehe 31, Johnson akaliambia taifa kwenye televisheni kwamba hataitafuta tena nafasi hiyo na hata akipewa na chama hataipokea. Alishinda mchujo, akaondoka.

Harry Truman, mwaka 1952, yeye alishindwa kabisa pale pale, na Seneta Estes Kefauver, na kabla mwezi haujaisha akasema hagombei.

Ukisoma hadi hapa unaweza kutoka na kanuni: rais akitikiswa New Hampshire, kwisha kazi. Wachambuzi wengi huiuza kanuni hiyo, na wana mifano mizuri mfukoni. Gerald Ford alipelekeshwa na Ronald Reagan mwaka 1976, majimbo mpaka ukumbini. Akapitishwa kwa wajumbe 1,187 dhidi ya 1,070, Novemba akaanguka. Jimmy Carter 1980 alipambana na Edward Kennedy, akaanguka. George Bush mkubwa 1992, Pat Buchanan akapata asilimia 37 dhidi yake New Hampshire; akaanguka kwa Bill Clinton.

Mimi siiamini kanuni hiyo kama inavyouzwa. Mwaka 1972 Richard Nixon alipingwa New Hampshire na mbunge wa chama chake, Pete McCloskey, mpinga vita, aliyepata karibu asilimia 20. Nixon alipata kama 68. Ziweke namba hizo pembeni ya 64 na 20 za mwaka 2024, utaona zinakaribiana. Novemba ile Nixon alishinda majimbo 49 kati ya 50. Kipimajoto hakileti homa. Rais hupata wapinzani kwa sababu tayari kuna kitu kibaya, bei ya unga imepanda, vita haviishi, au umri unaonekana. Kitu hicho hicho ndicho humwangusha Novemba, au kikipona hakimwangushi. Kumlaumu Buchanan kwa kushindwa kwa Bush ni kumlaumu aliyeshika kipimajoto.

Wakati mwingine hata kipimajoto chenyewe hupima kitu cha ajabu. Mei 2012, West Virginia, mfungwa aliyekuwa akitumikia kifungo Texas alilipa ada ya dola 2,500, jina lake likachapishwa peke yake pembeni ya jina la Barack Obama. Akapata asilimia 41. Watu wa jimbo la makaa ya mawe, walioona sera za rais zinawaua, walitafuta mahali pa kuweka hasira, na mahali pekee palipokuwepo pakawa jina la mtu aliye gerezani. Obama alipitishwa na chama bila taabu, akashinda urais.

Majimbo mengine hukupa mahali hapo rasmi. Michigan kuna kisanduku kwenye karatasi chenye maana ya "sijajifunga kwa yeyote". Tarehe 27 Februari 2024 zaidi ya watu 100,000 walikijaza, wengi wakiongozwa na Wamarekani wenye asili ya Kiarabu wa Dearborn waliokasirishwa na msimamo wa Biden juu ya Gaza. Asilimia 13. Mwaka 2012, Obama akiwa rais, kisanduku hicho hicho kilipata karibu asilimia 11 bila kampeni wala kelele yoyote, ila kwa watu kama 21,000 tu. Kwa hiyo ukitazama asilimia, hakuna habari. Ukitazama vichwa, habari ipo. Kila upande ulichagua namba ulioipenda, na wote walisema kweli.

Tuyaondoe na mengine mawili matatu yanayozunguka mitandaoni.

Kwamba rais aliyepo hapingwi ndani ya chama. Huu ni mtazamo wetu tunaouhamishia kwao. Kwetu CCM tumezoea fomu moja rais akitafuta muhula wa pili. Januari 2025 mkutano mkuu maalumu Dodoma ulimpitisha Rais Samia hivyo, wakati 2015, Kikwete akimaliza muda wake, makada zaidi ya 30 walijitosa. Marekani mlango huwa haufungwi kwa amri moja kutoka juu, kwa sababu ukumbi si wa chama. Lakini huegeshwa. Kwa ajili ya 2020, Warepublican wa South Carolina, Nevada, Kansas na Arizona waliamua kabisa kutofanya mchujo wa Trump. Mwaka 2024 Wademocrat wa Florida walipeleka jina moja tu, la Biden, na kwa sheria ya jimbo hilo jina likiwa moja hakuna uchaguzi. Fomu moja ya Miami.

Kwamba anayeshinda mchujo mwingi lazima apitishwe. Leo ni hivyo kwa vitendo, zamani haikuwa. Mwaka 1912 Theodore Roosevelt alimpinga Rais William Howard Taft, rafiki aliyemweka yeye mwenyewe madarakani. Akashinda michujo 9, ikiwemo Ohio, kwao Taft. Lakini majimbo mengi hayakuwa na mchujo. Wajumbe walichaguliwa na wakubwa wa chama, na wakubwa walikuwa na Taft. Ukumbini Chicago Taft akapita. Roosevelt akaondoka, akaunda chama chake, kura za Republican zikapasuka katikati, Woodrow Wilson wa Democratic akaingia Ikulu. Taft, rais wa nchi, alishinda majimbo mawili. Mambo yalibadilika baada ya 1968, mwaka ambao makamu wa rais Hubert Humphrey wa Democratic alipitishwa bila kushiriki mchujo hata mmoja huku polisi wakipiga waandamanaji nje. Chama kikaandika upya kanuni, na tangu 1972 michujo ndiyo inayozaa wajumbe walio wengi. Tangu hapo hakuna rais aliyenyang'anywa tiketi kwa mchujo.

Na la Harris, lililomkasirisha mjomba zaidi. "Watu walipiga kura kumchagua Biden, wakaletewa mwingine. Hiyo katiba gani?"

Si ya katiba, kwa sababu katiba ya Marekani haisemi chama kimpateje mgombea wake, haitaji wajumbe wa chama, haivitaji hata vyama. Hayo yote ni kanuni za vyama na sheria za majimbo. Wapiga mchujo wa 2024 walichagua wajumbe, na Biden alikusanya zaidi ya 3,800, karibu wote. Wajumbe hao waliahidi kumpigia Biden. Tarehe 21 Julai Biden akajitoa, bwana harusi akasema haoi. Kadi za wageni hazikuchanika. Wageni ni wale wale, sasa wako huru. Wangeweza kugawanyika, wangeweza kutafuta mwingine. Biden alimtaja Harris siku ile ile, na mwanzoni mwa Agosti wajumbe karibu wote wakampigia kwa njia ya mtandao. Unaweza kusema haikupendeza, na Wademocrat wengi wanasema hivyo hadi leo: kama mchujo ungekuwa wa kweli, na si Phillips peke yake akipiga kelele kwenye theluji, huenda udhaifu ungeonekana mapema. Lakini kanuni haikuvunjwa.

New Hampshire nao, mjue, hawakuachwa nje. Baada ya vitisho vyote, chama kilipatana na wenyeji, wajumbe wa jimbo wakarudishiwa viti, na Agosti walikaa ukumbini Chicago kama wengine.

Nilidhani nimemaliza. Mjomba akakumbuka kitu alichokisikia redioni: kwamba kuna watu New Hampshire hawakuandika jina la mtu kabisa kwenye ule mstari mtupu. Waliandika "sitisheni vita", kwa ajili ya Gaza. Akataka kujua kama zile kura zilitupwa.

Nikamjibu hazikutupwa. Zilihesabiwa, zaidi ya elfu moja, kama asilimia moja ya kura zote, wakati chama kinataka 15 ndipo uanze kupata wajumbe.

Zile tiki mbili zikageuka bluu. Kikapita kimya kirefu, kisha akaandika: "Na zingefika 15, mjumbe wa 'sitisheni vita' angekuwa nani?"